Redio Inasaga Nini?

Nisimung'unye maneno: yule mama wa Kihindi alinikera, na mpaka leo ananikera. Alikuwa msomi wa nyimbo za wanawake wa Kimarathi, watu wa kwao, wanaoimba wakisaga nafaka. Mumewe alipopata kazi ya barabara Dodoma, zama zile za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, walipanga nyumba mtaa wa Makole, naye akanitafuta nimkalimanie. Nikampeleka kwetu Chemba akamsikie mama.

Kwetu mwanamke akiwa kwenye jiwe la kusagia huimba lolote linalomchoma, na kwa mila hakuna ruhusa ya kumjibu wala kumshtaki kwalo. Mama aliimba kwamba baba amemchukulia mbuzi wake, akawatoa mahari ya mke mdogo. Baba alikuwa akiupita wimbo huo miaka nenda rudi kana kwamba hausikii. Msomi akaurekodi, akafurahi, akasema hata kwao ndivyo ilivyo, mke husema na jiwe. Alijua basi! Alijua vizuri kabisa!

Wiki iliyofuata akarudi na zawadi ya khanga, akawakuta baba zangu wakubwa na wazee wa msikitini wamekaa kwa chakula. Akawaamkia shikamoo, akaweka redio kaseti mkekani, akabonyeza. Eti anatushukuru! Sauti ya mama ikajaa ua mzima, na mbuzi wake, na mke mdogo.

"Redio inasaga nini?" baba akauliza. Akamtaka mama ayakane maneno yale mbele ya wazee, la sivyo talaka ataipata palepale.

Mama hakukana. Alichukua ungo wa uwele, akapiga magoti kwenye jiwe, akauanza upya wimbo uleule, na akaongeza ubeti wa talaka. Mikono inasaga, nani amjibu? Wazee wakatazamana, mkubwa wao akamwambia baba, "Kaa chini, bwana, ule." Nilitaka kupiga vigelegele. Msomi naye, machozi yanamtoka, anapapasa kitufe cha kurekodi. Lahaula! Nikamnyang'anya redio.

Talaka haikutoka. Kesho yake baba alikwenda kwenye mashine mpya ya dizeli, akarudi na gunia la unga begani. Lile jiwe akaling'oa, akalitia kwenye msingi wa choo. "Mke wangu asichoke tena," akatangaza. Majirani wakamwonea mama gere, kapata mume anayejali.

Mama aliupokea unga, akasema ahsante. Lingine angelisemea wapi?