Pikipiki Arobaini za Huayllapata

Viganja vya Eulogia Ccorimanya vilikuwa vigumu kushinda kwato za punda. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwavusha watu wa Huayllapata ndani ya kikapu cha chuma kilichoning'inia kwenye waya juu ya mto, akivuta kamba kwa mikono. Kazi aliirithi kwa mumewe, siku kamba ilipomponyoka na mto ukamchukua.

Sasa mkamwana wake, Nélida, alikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto kakingama tumboni. Hospitali iko ng'ambo. Kikapu ni cha kukaa umekunja magoti.

Ndipo wakasikia serikali ina daraja moja la vyuma ghalani, la vipande vya kuunganishwa ndani ya wiki mbili tu. Afisa akatoka pwani na kishikwambi chake.

"Daraja huenda vinakopita vyombo vya moto, mama. Nimekuja kuhesabu."

"Vitapitaje na daraja hakuna?"

"Hilo swali halimo kwenye fomu."

Eulogia akamfuata Melquíades, mwenye pikipiki pekee kijijini. Wakaisimamisha wima kikapuni, gurudumu la mbele juu. Ng'ambo, Melquíades akabadili kofia, akarudi.

"Huyu nani tena?" afisa akauliza.

"Binamu yake."

"Mbona wamefanana hivi!"

"Kijiji kidogo, bwana. Tunaoana wenyewe kwa wenyewe."

Hadi jua linazama, pikipiki ileile ilikuwa imevuka mara arobaini, na viganja vya Eulogia vimechunika nyama nje. Alicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Siku ya tisa barua ikafika. Melquíades akaisoma kwa sauti: "Kivuko cha Huayllapata kinavusha pikipiki arobaini kwa siku bila shida yoyote. Daraja halihitajiki." Daraja lenyewe lilikwenda pwani, kwenye mji wenye mawili tayari, likawe njia ya mkato ya kwenda dukani.

"Tumefaulu mtihani mpaka tumefeli, mama," Melquíades alisema. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake uchungu ukamshika Nélida. Waling'oa ubavu mmoja wa kikapu, wakamlaza, miguu ikaning'inia nje juu ya maji. Eulogia akapiga magoti kando ya kichwa chake, akaanza kuvuta. Katikati ya mto vidonda vikafumuka. Kamba ikawa telezi kama kambare.

"Mama, mbona tumesimama?"

"Tunapumzika kidogo, mwanangu."

Akaishika kamba kwa meno.