Ishirini na Mbili kwa Dakika

Kazini walimwita Fundi Pumzi, na yeye hakuchukia. Alikuwa mtunza wanyama katika maabara ya utafiti, mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima na mikono myepesi, na kwa miaka minne riziki yake ilitoka kwa panya. Si hawa wanaokuharibia nguo kabatini. Walikuwa panya weupe waliozalishwa wakiwa na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makamasi ya mapafuni yawe mazito kama gundi.

Zamani alikuwa upande wa sungura, akila raha zake. Aliomba kuhama mwenyewe, wiki ileile daktari wa watoto alipomwambia kwamba binti yake wa pekee ana ugonjwa huo.

"Nyumbani mgonjwa, kazini wagonjwa! Utapumzika lini, ndugu yangu?" wenzake walimshangaa.

Aliwajibu kwamba anataka kumjua adui yake kwa karibu. Ukweli ni kwamba aliogopa mno, na mtu mwenye woga wa namna ile hawezi kukaa mikono mitupu.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Panya aliingizwa kwenye kisanduku cha plastiki angavu, kikafungwa barabara. Kila alipovuta pumzi, kompyuta ilichora mstari. Kisha mtafiti, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliongeza kaboni dioksidi kwenye hewa ya mle ndani ili aone ubongo utayaamuru vipi mapafu. Panya wazima walichangamka papo hapo, wakapumua kwa kasi. Wagonjwa walijikongoja, na mtafiti alitaka kujua kama shida ni mapafu yaliyoziba tu, au hata ile amri ya ubongo inachelewa.

Lakini kabla ya kipimo, panya aliachwa saa nzima bila kusumbuliwa. Wageni waliokuja kuchungulia walitimuliwa, na aliyewatimua ni Fundi Pumzi mwenyewe.

"Mnyama akijua anatazamwa, hapumui pumzi yake," aliwaambia, kifua mbele kama aliyegundua jambo hilo ni yeye.

Huyo ndiye mtu aliyekaa mbele ya binti yake kila asubuhi, saa mkononi, akasema, "Haya, tulia. Nahesabu."

Binti alikuwa na miaka tisa na walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Aliongea akila, aliongea akioga, na kikohozi kikimkatiza alikisubiri kipite, akaendelea pale alipoachia. Wakati wa kuhesabiwa tu ndipo aliponyamaza. Alikaa wima, mikono mapajani, macho kwa baba yake. Daktari alikuwa amesema idadi ikizidi thelathini kwa dakika wampeleke hospitali siku hiyohiyo. Baba alihesabu kifua kikipanda na kushuka, akaandika kwenye kalenda ya ukutani: ishirini na mbili. Kesho yake ishirini na mbili. Wiki tatu mfululizo idadi haikuzidi ishirini na nne.

"Mume wangu, huyu mtoto hayuko sawa," mkewe alisema. "Jana kupanda ngazi tu amekaa chini mara mbili. Tumpeleke."

"Kalenda unaiona?"

"Naiona. Na mwanangu namwona."

"Mama Chiriku, mimi hii ndiyo kazi yangu. Kwenda hospitali bure ni kumwokotesha maradhi mengine."

Mkewe akarudi jikoni. Nani angebishana na fundi?

Siku ya Jumanne Chiriku alianguka akifunga kamba za viatu, midomo imebadilika rangi. Hospitalini walimwekea oksijeni. Muuguzi mmoja alimshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo ya moyo, akimuuliza habari za shule, huku macho yake yakiibia kifuani.

"Arobaini na nane," alisema.

"Mapigo?" baba aliuliza.

"Pumzi."

"Haiwezekani, dada. Leo asubuhi nimehesabu mwenyewe. Ishirini na mbili!"

Muuguzi alimtazama kidogo. "Na mtoto alijua unahesabu?"

Fundi Pumzi akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuombwa.

"Nilikuwa najizuia, baba," Chiriku alisema ndani ya barakoa ya hewa, maneno mawili mawili. "Ukiandika ishirini na mbili... unaenda kazini... unaimba."

Hakuna aliyemlaumu Fundi Pumzi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Daktari alisema mapafu yote mawili yameshambuliwa, na kwamba dawa zingefanya kazi vizuri zaidi kama zingeanza wiki mbili nyuma. Alilisema kwa upole, akiangalia makaratasi. Mkewe alisikia kila neno, wala hakusema, "Si nilikwambia?" Alitoka nje kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa.

Siku tatu baba hakubanduka pale. Siku ya kwanza aliona kitu ambacho angekiona zamani kama angekuwa na akili: kila macho yao yakikutana, mtoto alikaza shingo, akajilazimisha kupumua polepole, jasho likimtoka. Hata sasa alikuwa akimfanyia kazi baba yake. Fundi Pumzi akasimama, akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta.

Nyuma yake pumzi zikaachiwa. Zilikuwa fupi na za haraka, na kila moja ilikwaruza ikipita.

"Baba... unahesabu?"

"Sihesabu, mwanangu. Pumua unavyotaka."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Alikuwa kwenye hamsini na moja, na dakika ilikuwa haijaisha. Alikaa hivyohivyo, uso ukutani, machozi yakimtiririka hadi shingoni, na hakuyafuta ili mtoto asiuone mkono wake ukipanda. Chiriku alifariki Ijumaa mchana, mama yake akimsuka nywele, na baba yake akiwa amempa mgongo.