Kiwanja cha Milioni Tisa Kilichoandikwa Moja na Nusu

Umewahi kuona mtu anambembeleza mwenzake aandike kwamba alimuuzia kitu kwa bei ghali?

Mimi namwona kila asubuhi nikinyoa ndevu.

Naitwa Nestory, fundi masofa, Buzuruga, Mwanza. Mwaka 2013 nilinunua kiwanja Ilemela, kule juu ambako mawe ni makubwa kuliko nyumba. Aliyeniuzia ni mzee Luhaga wa Sengerema. Kiwanja aliachiwa na baba yake. Milioni tisa, taslimu.

Sasa, ofisi ya mtaa ilikuwa inachukua asilimia kumi ya bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Laki tisa niziachie hivihivi? Mimi?

Nikamwambia mzee, "Tuandike moja na nusu."

Alikubali haraka mno. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa najipongeza.

Mtaa wakapata laki moja na nusu, laki saba na nusu zikabaki mfukoni. Nikala sato mzima peke yangu. Tangu hapo nikawa mwalimu: kila anayenunua kiwanja namshauri ashushe bei kwenye karatasi. Anayekataa namcheka.

"Wewe ungeenda kusomea upadri," ndivyo nilivyokuwa nawaambia.

Mwaka huu mwenye nyumba wetu akatangaza anauza. Milioni ishirini na tisa, ushuru wa mtaa analipa yeye, siku kumi, la sivyo tufungashe. Mke wangu Bernadeta amelea watoto wanne humo.

Nikapata mteja wa kiwanja: milioni thelathini na moja na nusu. Kodi ni asilimia kumi ya faida. Nikapiga hesabu kwa ile tisa: nalipa kodi, nanunua nyumba, inabaki hela ya mbuzi.

Ofisi ya kodi nikahudumiwa na binti mmoja mpole, Raya. Akasoma mkataba wangu wa zamani.

"Ulinunua milioni moja na nusu. Kwa hiyo baba, faida yako ni milioni thelathini. Hongera."

"Hapana binti, nilinunua tisa."

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

Akaandika kodi milioni tatu. Mbuzi kafa hapohapo, na kwenye hela ya nyumba napungukiwa laki tano.

"Kama una ushahidi mwingine wa bei, lete," akasema.

Kesho yake nikapanda kivuko kwenda Sengerema.

Nilimkuta mzee Luhaga uani. Pembeni dada yake, mama Getruda, alikuwa anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa. Nikamwomba mzee aniandikie kwamba alipokea milioni tisa.

"Mimi nilikuuzia moja na nusu," akasema. "Karatasi ndivyo inavyosema."

Akanikonyeza.

Nikadhani ni vumbi.

"Mzee, usinifanyie hivyo. Ulizihesabu mwenyewe, mara mbili, kwenye kibanda cha chipsi pale stendi."

Akakonyeza tena, sasa macho yote mawili.

"Milioni tisa, mzee wangu. Mwogope Mungu."

Kisu cha mama Getruda kikasimama katikati ya kiazi.

"Kaka," akasema taratibu, "kiwanja cha baba tuligawana nusu kwa nusu. Ulinipa shilingi ngapi?"

Mzee akawageukia ng'ombe wake, akawatazama kama anawaaga.

"Laki saba na nusu," mama akajijibu. "Na karatasi ukanionyesha."

Kumbe! Miaka yote najisifu kwamba nilimtumia mzee kukwepa ushuru. Kumbe mzee ndiye aliyenitumia mimi kumpunja dada yake.

"Lete kalamu," mama akaniambia. "Ataandika. Akimaliza yako, kuna yangu."

Akaandika mbele ya mjumbe wa mtaa wao. Nikarudi Mwanza kifua mbele.

Raya akaziweka karatasi mbili mezani.

"Baba, hii wino wake wa jana. Hii ina muhuri wa mtaa na ina miaka zaidi ya kumi. Ipi inadanganya?"

"Ya zamani."

"Kwa hiyo ulipolipa ushuru wa mtaa ulidanganya?"

Nikamwonyesha sahihi ya mjumbe kwenye hii mpya.

"Una stakabadhi ya benki?"

"Nililipa taslimu."

"Basi natumia yenye muhuri."

Nikalipa milioni tatu. Njiani nikapiga hesabu: kodi iliyozidi ni laki saba na nusu. Ileile niliyookoa mwaka 2013. Haikupungua hata ya vocha.

Zikabaki siku mbili. Nikazunguka kukopa laki tano, na kila niliyewahi kumcheka nilimkuta nyumbani.

"Mjanja anakopa?" akaniuliza Revocatus, muuza vitambaa. "Si uandike tu kwamba unazo."

Aliyeniokoa ni mama Getruda. Alipiga simu kushukuru: kaka yake ameuza ng'ombe, amemlipa salio lake lote. Nikamweleza shida yangu.

"Nitakukopesha, mwanangu. Ila tutaandikiana. Na kwa jinsi ninavyokujua, laki tano utaiandika kwa tarakimu na kwa maneno."

Nikaiandika hivyo. Aliisoma mara tatu.

Siku ya kununua nyumba, mwenye nyumba akanivuta kando, akaninong'oneza kwa upendo:

"Nestory, wewe ni mtu mzima. Kwenye mkataba tuandike milioni kumi. Kodi yangu inashuka, na ushuru wa mtaa unapungua."

Maneno yangu mwenyewe, yamerudi yamevaa suti.

Bernadeta akanisogezea kalamu.

"Andika zote ishirini na tisa," nikasema. "Kuna siku nitauza."

Jamaa akanicheka.

"Wewe ungeenda kusomea upadri."

Ndugu yangu unayesoma hapa, ule ushauri wangu wa zamani naufuta. Bei unayoishusha kwenye karatasi haipotei popote. Inakaa inakusubiri uuze.

Na ukimwambia muuzaji "tuandike ndogo" akakubali haraka, usijipongeze.

Ana dada.