Magitaa ya Waingereza Kwenye Mpunga wa Mama

Kanda ile baba aliipata kiwandani. Kabla hatujahamia Ifakara alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari, na injinia mmoja Mwingereza alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia albamu ya bendi ya nchi yake, vijana wenye nywele ndefu waliopiga bluzi kwa magitaa ya kupasua masikio. Wenzake waliachiwa mashati na mabuti. Baba aliachiwa wazungu wanaolia, na utotoni mwangu kote niliamka nao, nikala nao, nikafua nguo nao. Mama aliwaita "wakonda wako", kwa sababu kwenye picha ya kava hakuna hata mmoja aliyeonekana kula ugali wiki ile.

"Huyu anayelia hivi kafiwa?" mama aliuliza.

"Hiyo ndiyo bluzi," baba alijibu.

"Basi wampe pole, anyamaze."

Mama naye alikuwa na ombi lake, na alilirudia kila msimu. Shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto Lumemo, na mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wa kwelea kwelea hushuka kwa makundi na kula jasho la mtu asubuhi moja. Lazima mtu ashinde kwenye dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, akipiga debe na kupayuka tangu alfajiri. Kazi hiyo ndiyo kuamia ndege. Mama alitaka mumewe aje waamie pamoja, basi. Baba alisema mgongo wake aliuacha kwenye mitambo. Mgongo huohuo ulicheza sebuleni upande wa kwanza mzima wa ile kanda bila kulalamika.

Mwaka ninaousema, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani nasubiri matokeo. Matokeo yalishatoka, lakini wazazi wangu kwa huruma yao waliendelea kuwaambia watu kwamba nasubiri. Ndipo rafiki wa baba wa kiwandani, aliyehamia Dar es Salaam, akampa dereva wa lori kifurushi. Ndani yake mlikuwa na albamu ileile, imetolewa upya. Baba alinipa karatasi ya kava nimsomee, maana pamoja na yote bado nilikuwa msomi wa nyumba. Iliandikwa kwamba sauti imesafishwa, na mwishoni zimeongezwa nyimbo ambazo hazijawahi kusikika.

"Hazijawahi kusikika!" baba alisema. Machozi yalimlengalenga. Nilimwona na nikamcheka, kisha nikamwonea huruma.

Lakini hakuzisikiliza. Betri za redio yetu zilikuwa za kuanikwa juani ili zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu, na baba aliapa hatawapokea wageni wake kwa betri za kuanikwa. Mwenye duka, mzee mmoja wa asili ya pwani, alimwambia betri nzuri zimo kwenye lori, na lori limezama kwenye matope ya masika kule Mkula. Baba akaamua kungoja. Kila jioni alikuwa anapita dukani kumjulia hali yule mzee, ingawa sote tulijua anayejuliwa hali ni lori.

Katika kungoja huko akaingiwa na hofu ya waazimaji. Ifakara ya wakati ule, kanda mpya ikiazimwa ilikuwa imeaga. Kwa hiyo baba alitoa kanda mpya akaificha kwenye kava kuukuu lililopasuka, na ile kuukuu akaiweka kwenye kava jipya juu ya kabati, ili mwazimaji aondoke nayo akiwa na furaha yake. Aliuona mpango huu kuwa wa akili nyingi sana, hata hakumwambia mtu.

Halafu, tukiwa tunakula, akamwambia mama kwa ukarimu, "Ile kanda kuukuu sasa siihitaji. Kaitumie shambani."

Bonde letu zima lilifanya hivyo. Utepe wa kanda ukiuvuta kutoka mti hadi mti juu ya mpunga, upepo ukipita unavuma na kumetameta, na ndege wanaogopa kutua. Kanda zote za Kilombero ziliishia huko, za dansi, za taarabu, za kwaya. Kulikuwa na majaruba ya mpunga yaliyolindwa na mahubiri matupu.

Mama alichukua kava lililopasuka, kama alivyoambiwa. Shambani akaivunja kanda kwa mpini wa panga, tukauvuta utepe pande zote. Ulivuma vizuri kweli. Mama alisema kwa mara ya kwanza wakonda wamefanya kazi ya maana.

Jumamosi yake nilikuwa kwenye dungu na mama nikamwona baba anakuja na baiskeli kwenye njia ya matope, anakanyaga kama anafukuzwa. Aliiangusha majini akaja kwa miguu.

"Shikamoo baba," nilisema. Hakuitika. Baba yangu asiyeitikia shikamoo nilikuwa sijawahi kumwona.

"Umevunja ipi?" alimuuliza mama.

"Kuukuu. Ile ya kwenye kava lililopasuka."

Baba akakaa kwenye tuta la jaruba, suruali nzuri na yote. Betri mpya zilikuwa mfukoni. Alipoeleza ule mpango wake, mama alicheka hadi akashikilia nguzo ya dungu. Baba aliponyoosha mkono kwenye utepe, kicheko kikakatika.

"Thubutu! Ukiutoa, ndege wanashuka leo hii. Wakonda wako utawachukua nikishavuna."

"Na ukikatika? Na ng'ombe wakipita?"

"Aa, hilo sasa ni lako."

Kesho yake, kabla hatujachemsha chai, baba alikuwa shambani na kigoda chake. Alifukuza ng'ombe, alifukuza watoto wa jirani, na kwa kuwa ndege wakitua walinyea utepe, alifukuza na ndege. Mgongo haukutajwa. Wiki zilivyokwenda, sauti yake ya kuamia ikawa kali kuliko ya mama, na mchana niliwakuta wamekaa dunguni wanakula mihogo ya kuchoma na kusengenya majirani. Utepe ulipokatika aliuunga kwa solatepu, ulimi nje, kama anashona kidonda.

Mpunga ulipokatwa, baba aliuviringisha utepe wote kwa kalamu ya biki, akauweka kwenye ganda la kanda ya kwaya ambayo nayo ilishakwenda shambani. Tukakaa sebuleni. Akaweka betri, akabonyeza.

Wakonda walitoka kama wamo ndani ya mtungi. Walipotea, wakarudi. Mahali fulani kipande kilikuwa kimeungwa kinyumenyume.

"Hapo wanaimba Kipogoro chako," alisema mama, ambaye ni Mndamba na hakuacha nafasi kama hiyo ipite.

Baba alikuwa anangoja mwisho. Nyimbo za nyongeza zikafika. Tukasikia wimbo uleule wa mwanzo, ila gitaa likakosea, mwimbaji akakohoa, mtu akacheka, wakaanza upya, wakakosea tena.

Mama alimgeukia. "Ndiyo hizi? Umelinda shamba msimu mzima kwa ajili ya watu wanaokosea?"

Baba alitazama redio. Niliumia kumwona vile, baada ya jua lote lile.

Mama akaisogeza redio kwake. "Rudisha hapo," alisema. "Hapo yule mtu anapocheka."

Baba akaitoa kanda, akairudisha kwa biki ili asile betri, polepole, na walisikiliza kicheko kile hadi betri zikachoka. Msimu uliofuata mama alichukua kanda kuukuu ya injinia kutoka juu ya kabati, akamwonyesha baba kwanza. Baba aliitazama kidogo tu. Alikuwa ameshabeba kigoda.