Kaka Urho na Vipau Vinne

Kaka yangu Urho alizaliwa na ngumi mbili, na kwa miaka sitini na minane hajajifunza kuzikunjua. Nasema hivyo mimi dada yake, tena ninayempenda. Akiwa na miaka kumi na miwili alimvunja pua mtoto wa mwalimu, kisa theluji aliyotiwa ndani ya buti. Kwenye kiwanda cha karatasi, hapa mjini Varkaus, aliwatwanga mafundi watatu na msimamizi mmoja, na kila mara alirudishwa kazini kwa sababu hakuna aliyeijua mashine namba nne kama yeye. Mkewe, marehemu Tellervo, hakumgusa hata siku moja. Watu humsifu kwa hilo. Mimi sioni sifa yoyote: milango ya nyumba yao ilikuwa na matundu ya ngumi, na Tellervo aliyafunika kwa kalenda.

Kilichomponza ni sikukuu ya katikati ya kiangazi, miaka saba iliyopita, mbele ya moto wetu kando ya ziwa. Binti yake wa pekee, Sirkku, alimleta mchumba wake tumjue. Kijana wa watu akatania kwamba soseji za mzee zimeungua. Urho akamvunja taya. Mfupa niliusikia, na nilikuwa nimesimama mbali na sahani yangu. Sirkku akampakia mchumba wake garini, na tangu siku ile alirudi mara moja tu, kumzika mama yake. Alikaa benchi la nyuma kanisani na akaondoka kabla ya kahawa.

Machi hii ikaja barua. Sirkku yuko nje ya nchi, mji wa Tromsø, ameolewa na yule yule wa taya, na wana mtoto wa kike wa miezi mitano. "Baba," aliandika, "Jumapili hii saa kumi alasiri nitakupigia kwa video. Ni mara moja tu. Nikiona umebadilika, kiangazi tutakuja na mtoto. Nikiona ni yule yule, usinitafute tena." Urho alinisomea barua ile mara nne. Mara ya nne akaishia katikati, nami nikajifanya natafuta sukari.

Akanunua kompyuta mpakato, akafungiwa waifai. Ijumaa tukaijaribu, ikasoma vizuri. Jumamosi akashinda akifanya usafi, nyumba nzima, peke yake.

Jumapili nilifika saa nane na mkate wangu mtamu wa iliki. Nikamkuta kavaa shati jeupe alilovaa kwenye mazishi ya mkewe. Kwenye rafu, nyuma ya kiti atakachokalia, alikuwa ameweka picha ya Tellervo ili Sirkku aione. Nikamwambia pamependeza. Sikujiuliza pale penye picha juzi palikuwa na nini, na najilaumu mpaka leo.

Saa nane na nusu akafungua kompyuta. Intaneti hakuna.

"Izime halafu uiwashe," nikamwambia.

"Nimeiwasha mara tatu, Raili. Unanionaje, mtoto?"

Nikavaa miwani. Kitufe cha waifai pembeni ya kompyuta kilikuwa kimewashwa, na alama ya ndege, ile ya kuzima mtandao, haikuwepo. Nikaifuta waifai yake kwenye orodha na kuandika nenosiri upya, herufi moja moja, yeye akinisomea kwenye karatasi. Kikatokea kipau kimoja cha mtandao, kikafa. Nikaipeleka kompyuta dirishani, hola. Jikoni kikatokea kipau kimoja, kikafa vilevile. Simu zetu sote ni za vibonyezo, hazina msaada wowote. Saa tisa ikapita, ikafika tisa na nusu. Urho akaipiga meza ngumi, kikombe kikaruka kikavunjika, na mkono wake ukaanza kuvuja damu bila yeye kujali.

"Huyu nani ana vipau vinne ndani ya nyumba yangu?" Alikuwa ameelekeza kidole kwenye orodha, palipoandikwa Haverinen.

"Ni Ilpo wa ghorofa ya juu. Ya kwake inapenya darini."

"Ya kwake imejaa, yangu imekauka. Ananinyonya huyu."

"Waifai si maziwa, kaka. Hainyonywi. Twende tukamwombe nenosiri lake kwa adabu."

"Nitamwomba," akasema, na nikaiona shingo yake ikiwa nyekundu.

Nikasimama mlangoni. Nilimwambia hasira hasara, nikamtajia Sirkku, nikamtajia mtoto. Alinisukuma mara moja tu, nikaangukia kwenye makoti na bega likagonga ukuta. Nilipoinuka alikuwa tayari kwenye ngazi, nikatia viatu nikamfuata.

Ilpo Haverinen ni kocha wa watoto wa kuteleza kwenye theluji, mpole, hana neno na mtu. Alifungua mlango na soksi miguuni na kikombe cha kahawa mkononi. "Mzee Urho, kar..." Ngumi ya kwanza ilimkatia salamu. Ya pili ikampata puani, kahawa na damu vikarukia ukutani. Lakini Ilpo naye ana mifupa. Alinyakua fimbo ya kutelezea iliyokuwa nyuma ya mlango akamchapa nayo juu ya jicho, nyusi ikapasuka. Wakashikana, wakabingirika ngazi sita mpaka pale zinapopinda, na hapo Urho akamkaba koo. Ilpo alikuwa akipiga sakafu kwa kisigino. Nilivua kiatu changu, kile kizito cha barafu, nikamtandika kaka yangu kisogoni kwa nguvu zangu zote, mara mbili. Mara ya pili akamwachia.

"Binti yake anapiga saa kumi," nikamwambia Ilpo, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine. "Na waifai haishiki."

Ilpo alitema damu na nusu ya jino. "Kisanduku chako kiko wapi, mzee?"

"Kisanduku gani?"

"Cha waifai. Umekiweka wapi?"

"Kwenye sauna," Urho akasema, akihema. "Kina taa za kupepesa, kilikuwa kinaiharibia picha ya marehemu. Nikakivutia waya mpaka kule."

Tangu afiwe, sauna ya nyumbani kwake, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, haiwashi. Anahifadhi humo matairi na chupa za jemu, kama nusu ya watu wa jengo hili, na kuoga anaogea ile ya jengo zima iliyo chini, zamu yake ya Jumamosi.

"Na mlango umeufunga?"

"Kwani sauna huachwa wazi?"

Ilpo akaanza kucheka, na kicheko kilimuumiza. "Nyuma ya mbao za sauna kuna nini, mzee?"

Hakuna mtu wa nchi hii asiyejua. Ni karatasi ya alumini, chini mpaka darini, ili mvuke usile ukuta, na hakuna waifai inayopita humo. Ile ya kwake aliipigilia mwenyewe, miaka thelathini na kitu iliyopita, Tellervo akimshikia bunda. Hata mlango aliuwekea. Alijisifu mwaka mzima kwamba humo hakitoki kitu.

"Nenda kaongee na mwanao," Ilpo akasema. "Polisi nitawaita ukimaliza."

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Nilishuka na kiatu kimoja, nikafungua sauna, nikakitoa kisanduku kati ya matairi na kukiweka sakafuni sebuleni. Vipau vikapanda. Urho aliingia shati lote limetapakaa damu, ya kwake na ya Ilpo.

"Kaa huko chumbani," nikamwambia. "Nitasema unaumwa."

Kompyuta ikaita. Akanipita, akakaa kwenye kiti chake chini ya picha, nami nikakaa pembeni.

Sirkku alitokea, mtoto kifuani, ameipa kamera kisogo. Alimtazama baba yake, nyusi mpaka shati. "Baba," akasema, "umeanguka kwenye barafu?"

Alikuwa anamfungulia njia. Hata mimi niliona, nikamkanyaga Urho mguu chini ya meza. Sema ndiyo, ewe mtu.

"Hapana, mwanangu," Urho akasema. "Nimempiga Ilpo wa juu. Nilidhani ameniibia mtandao."

Sirkku hakulia. Alimgeuza mtoto akatuonyesha uso. "Anaitwa Tellervo," akasema. "Mwangalie vizuri, baba."

Kaka yangu akakunjua mkono, vidole vyote vitano, akaugusa uso wa mtoto kwenye kioo. Damu ikabaki pale shavuni. Mtoto akapiga chafya, kisha kioo kikawa cheusi.

"Umekatika," Urho akasema. "Raili, mtandao umekatika tena. Hebu angalia."

Nikaangalia. Vipau vilikuwa vyote vinne.