Kioo Kilichomuumiza Skola

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bisibisi. Mkuu wa Karakana alinikalisha kwenye meza ya duka letu pale Kinondoni, akanimwagia rundo la chaji za kompyuta mpakato, nyeusi zote, nyaya zimesokotana, akasema, "Mwanaidi, mie nakwenda kunywa kahawa. Nikirudi unambie ipi itaiwasha mashine hii na ipi itaiua." Mashine yenyewe ilikuwa mbele yangu, kimya. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti bado kinanukia wino, nikaona nimedharauliwa.

Aliporudi alinikuta nimezipanga kwa unene wa pini. Hakunicheka. Aligeuza chaji moja akanionyesha maandishi madogo ya mgongoni, yale ambayo mpaka leo vijana wengi hawayasomi. Volti, alisema, ni msukumo wa umeme, na lazima ulingane na unaotakiwa na mashine. Ampea ni kiasi ambacho chaji inaweza kutoa. Hicho kikizidi hakina neno, kwa sababu mashine huchukua inachohitaji tu, lakini kikipungua chaji itachemka na betri haitajaa. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. "Pini kuingia si ruhusa ya kuchomeka," akamaliza. Kauli hiyo nimewaambia wateja miaka yangu yote, maana sisi watu wa Dar tunaazimana chaji kama tunavyoazimana chumvi, halafu tunashangaa moshi unatoka wapi.

Mkuu alikuwa wa ukoo wa Kiarabu uliouza vitambaa na vyombo tangu enzi za babu zake. Yeye aliwaachia ndugu zake vitambaa, akafuata nyaya. Alikuwa mpole, na mimi sikuwa mpole hata kidogo, nadhani ndiyo maana tulielewana. Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha mafundi wa jirani. Mashine ikirudi mara ya pili kwa tatizo lilelile, haifungui tena. Anavaa kofia yake, anaifuata nyumbani kwa mwenyewe. "Twende tukaijulie hali," alikuwa akisema, utadhani ni mgonjwa. Mara ya kwanza kufuatana naye tulimkuta mwalimu mmoja anaitumia yake juu ya godoro, matundu ya kupitishia hewa yameziba kabisa, na karakanani tulikuwa tumeshaibadilishia feni bure. Tangu siku hiyo sikuicheka tena desturi ile.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Temeke, chini ya Meneja wa Tawi, mama asiyependa maneno mengi. Wateja walitoka mpaka Chamazi, na karibu wote walilalamikia betri. Meneja alinifundisha kuipima betri kwa wati-saa, yaani wati ngapi itatoa kwa muda wa saa ngapi. Betri hutoka kiwandani na uwezo wake, na kila mwaka uwezo huo hunywea, lakini skrini itaendelea kukuandikia kwamba imejaa asilimia mia. Mia ya nini? "Betri ni gunia," Meneja aliniambia. "Usinambie limejaa. Nambie siku hizi linabeba kilo ngapi." Sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri zaidi, wala vitabuni.

Kampuni ilipofungua tawi la Kawe, Mkuu alipelekwa kulianzisha, akaniomba niende naye. Huko ndiko alikotujia Skola.

Alikuwa msichana wa Njombe aliyepanga Bunju, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Bunju ilikuwa inajengwa kila kona, na watu wa kipato cha kawaida walimpenda kwa sababu alijua kukupa vyumba vitatu na baraza kwenye kiwanja ambacho wengine wangekupa vyumba viwili na lawama. Aliweka kompyuta yake mezani kwetu, akasema, "Dada, kioo hiki kinaniumiza. Nikichora saa moja kichwa kinagonga na natapika. Nikikaa siku mbili bila kuigusa, napona."

Macho alikuwa ameshapimwa, hayana kasoro. Miwani alikuwa ameshabadilisha. Niliikagua skrini, picha imetulia, rangi safi. Nikabadilisha waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo, nikamrudishia. Hazikupita siku nyingi, akarudi, uso umemsinyaa.

"Mama yangu anakuja kunichukua," alisema. "Kasema kazi gani hii ya kumtoa mtoto roho. Nyumbani kuna nafasi ya kufundisha chekechea. Na mimi sina la kumjibu, dada. Siwezi kuchora, ni kweli."

"Na ukienda?"

"Nikienda ndiyo basi. Nani atanipa kiwanja chake nimchoree, akisikia niliiacha kazi kwa sababu ya kichwa?"

Nilishinda na mashine ile siku nzima. Niliitazama, nikaandika, nikachora mistari ya kipuuzi, kichwa changu kikawa kizima kama asubuhi. Nilikuwa na hasira nayo. Ningeweza kuipiga. Mkuu alinitazama juu ya miwani yake, akasema tu, "Imerudi mara ya pili. Kesho tunakwenda Bunju."

Tulimkuta mama yake ameshafika, mwanamke mrefu mwenye kitenge na sweta, joto lote lile. Begi la Skola lilikuwa karibu na mlango, limefungwa. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kutuondolea macho. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Hospitali wamesema mwanangu ni mzima," mama alianza. "Mzima hatapiki. Huku mjini mtu akipata kazi yake mwenyewe, majirani hawalali. Mimi nimeyaona."

Mkuu hakubishana naye. Alimgeukia Skola. "Hebu fanya kazi, mwanangu, kama kawaida yako. Jifanye sie hatupo."

Skola alikaa, akavuta pazia kukata jua, akaiwasha mashine kwa betri. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika karakanani kwetu. Alibonyeza kitufe cha mwangaza akaushusha, akaushusha tena, mpaka kioo kikafifia kama chumba kilichofungwa madirisha.

"Mbona unaupunguza hivyo?" Mkuu aliuliza.

"Nabana chaji, Mzee. Mwangaza wote ukiuacha, betri hii haimalizi hata saa moja. Na umeme wa huku ukikatika, hurudi unapotaka wenyewe."

Mimi na Mkuu tulitazamana. Kwetu mashine ilikuwa imechomekwa ukutani wakati wote, mwangaza umepandishwa mpaka mwisho, ili tuone vizuri. Hatukuwahi hata mara moja kukitazama kioo kile kama Skola anavyokitazama.

Mkuu akamgeukia mama. "Samahani, mama. Naomba ufagio."

Mama alimletea ufagio wa chelewa, na kwa jinsi alivyoukabidhi nilijua anadhani sasa ndiyo mambo yenyewe yanaanza. Mkuu alichomoa njiti moja, akaisimamisha mbele ya kioo, akaitikisa haraka kushoto na kulia, kama mtu anayefukuza nzi. Njiti ikitikiswa mbele ya mwanga uliotulia, jicho huona ukungu mmoja laini. Pale hatukuona ukungu. Tuliona njiti nyingi zimeachana, kama meno ya kitana. Akapandisha mwangaza mpaka mwisho, akatikisa tena, ukungu laini. Akaushusha, meno yakarudi.

Nieleze kidogo hapa. Kioo cha kompyuta hakijiangazi chenyewe, kina taa ndogondogo nyuma yake. Watengenezaji wengi, ukiwaomba mwanga upungue, hawaipunguzii taa nguvu. Huizima na kuiwasha mamia ya mara kwa sekunde, na kadiri unavyotaka giza ndivyo wanavyorefusha kule kuzima. Jicho halioni chochote. Watu wengi hawadhuriki, mimi mmojawapo. Lakini wapo ambao vichwa vyao husikia kila pigo.

"Mama," Mkuu alisema, "mie sijui ya majirani. Ila huyu binti anakaa mbele ya taa inayozimwa na kuwashwa kutwa. Betri imechoka, kwa hiyo anapunguza mwanga. Akipunguza mwanga, taa inazidi kuzimwa. Anapobana chaji ndipo anapojiumiza."

Skola alichukua ile njiti mkononi mwa Mkuu, akaitikisa mwenyewe, akaitazama, halafu akalia. Kwa miezi yote ile watu walikuwa wakimwambia labda ana mawazo mengi.

"Kwa hiyo atapona?" mama aliuliza.

"Hilo siwezi kukuapia. Nipe mashine niirekebishe, na unisubirie kama wiki mbili kabla hujakata tiketi."

"Tiketi nimeshakata. Mbili." Alilitazama begi kwa muda. "Basi nitakwenda kuwaomba wazisogeze mbele."

Siku zilizofuata pale Kawe sizisahau. Mkuu aliteremsha vioo vyote vya akiba vilivyokuwa na ukubwa unaofaa na kiunganishi kinachoingia, akaviwasha kimoja kimoja kwenye mashine ya Skola, akashusha mwangaza, akatikisa chelewa. Wateja walisimama wakimtazama mzee mwenye kofia akipungia njiti kwenye kompyuta. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa, nikamwambia ndiyo. Kioo baada ya kioo kilitoa meno ya kitana. Vizuri kuliko vyote kwa rangi, vile ving'aavyo ambavyo watu huvigombania dukani, ndivyo vilivyokuwa vibaya zaidi. Mwishowe alipata kimoja kikuukuu, rangi zake zimepooza, uso wake haung'ai, ambacho ukikiomba mwanga mdogo hupunguza umeme kweli. Njiti ikatoa ukungu mtupu. Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Betri niliifunga mimi. Niliiondoa ile ya seli sita, yaani vibetri vidogo sita ndani yake, nikamwekea ya seli tisa, inayojitokeza nyuma ya mashine kama kisigino. Haikuwa na urembo, lakini lilikuwa gunia la kweli.

Wiki mbili zilipita bila neno kutoka Bunju. Simu ninayo mkononi, namba yake ninayo, na siipigi. Niliogopa jibu. Mkuu naye hakuuliza, ila nilimwona kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa.

Aliyekuja ni mama. Alisimama mlangoni na sweta lake, begi moja mkononi, akatusalimia, akakataa kiti kwa sababu teksi ilikuwa inamsubiri nje.

"Nimepita kuwaaga," alisema. "Naondoka peke yangu."

Nilimkumbatia bila kumwomba ruhusa. Mkuu alisema alhamdulillahi, akaingia stoo, akakaa humo muda mrefu akitafuta kitu ambacho hakukitaja.

Nimestaafu sasa, na vijana bado wananijia kuniomba niwachagulie kompyuta. Wanauliza kumbukumbu ni kubwa kiasi gani, kasi ni kiasi gani, na jina la kampuni. Mimi nawauliza, umeme wenu unakatika mara ngapi? Unakaa wapi ukifanya kazi, dirisha liko upande gani? Wananiona mzee mwenye maswali ya kipelelezi. Lakini takwimu zilizoandikwa kwenye boksi ni za mashine iliyo peke yake, na mashine haijawahi kuishi peke yake. Huishi na mtu, na umeme wa mtaa wake, na hofu yake ya kuishiwa chaji.

Wala sisemi kwamba mambo ya zamani ndiyo yalikuwa bora. Chaji za siku hizi zenye kichwa bapa kinachoingia upande wowote huulizana na mashine kwanza, unataka volti ngapi, ndipo zinapotoa umeme. Nilipoiona ya kwanza nilitamani Mkuu angekuwepo. Alitangulia mbele ya haki kabla hazijaenea, Mungu amrehemu. Angeigeuza mgongo akasoma maandishi madogo, akatabasamu.

Skola ana ofisi yake sasa, na wachoraji chini yake. Siku nyingine Jumapili hunipitia tukatembea Bunju, mimi na fimbo yangu, yeye na mwavuli, na kazi yake ni kunionyesha nyumba. "Hii niliichora kabla," ananiambia. "Hii ni ya baada." Za kabla tunazimaliza barabara ya kwanza tu. Za baada hatujawahi kuzimaliza, jua hutuchwea tukiwa bado njiani, naye bado ananyoosha kidole.