Rojo la Sidi

Miaka kumi na mmoja Sidi amekuwa akikoroga rojo la visima, na shahidi wake ni mgongo. Kazi yenyewe si siri: unga wa maharagwe ya gwari hukorogwa kwa maji na mchanga, kisha hutiwa dawa ya zirikoni ili rojo lishikane. Husukumwa chini kwa nguvu mwamba upasuke, mchanga ubaki ndani ya nyufa zisijifunge, maji yapate njia. Rojo lisiposhikana, mchanga huzama njiani, kazi imekufa. Na zirikoni, jamani, hutoka kwenye mchanga wa papa hapa Kwale. Huvuka bahari, ikarudi ndani ya dumu kama mgeni.

Safari hii kazi ilimpeleka kwao, nyuma ya Kinango, kwenye kisima cha kijiji kilichochimbwa kikatoka kikavu. Wazee walimpokea kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni nani? Alizaliwa pale.

Rojo la kwanza lilikataa. Alilichota kwa mwiko, likachuruzika kama uji wa mgonjwa. Tembo, fundi mkuu wa mtambo, akaanza kuilaumu dawa. Sidi akaonja maji ya boza, lile lori la maji, akatema.

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Kisima cha barabarani, dada."

"Mungu weye! Magadi matupu! Maji haya hata chai huyakataa, ikawa nyeusi tii, sembuse dawa?"

Dawa ilibaki dumu moja. Maji matamu yalikuwa ya lambo tu, nayo yalishafika magotini, ndiyo ya kunywa kijiji kizima mpaka mvua. Sidi alichoka, akachoka hasa. Kuyaomba ni aibu, na asipoyaomba kisima kimekufa. Tena mlinzi wa lambo alikuwa Jemima, mdogo wa marehemu mamake, aliyemlea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Sema, usinizungushe."

Akasema yote.

"Una hakika?"

"Rojo litashika. Maji ya chini siyajui, mama."

Jemima alilitazama lambo kitambo. "Choteni," akasema.

Boza lilinyonya mpaka lambo likabaki tope na vyura. Rojo likashika, Sidi aliliinua kwa mwiko likaning'inia bila kukatika. Mtambo ukanguruma, mwamba ukapasuka. Kesho yake, rojo lilipokwisha kuyeyuka na kusafishwa, maji yakapanda tele. Vigelegele! Wanawake wakacheza na ndoo zao.

Sidi hakucheza. Alibandika sufuria ya maji hayo mapya, akatia majani. Chai ikawa nyeusi tii. Aliitazama, machozi yakamtoka mbele za watu, na vigelegele vikafifia kimoja kimoja.

Jemima akachota kikombe cha chai hiyo, akanywa mpaka chini bila kukunja uso.

"Mama, ni magadi."

"Kwani mimi sina ulimi? Mbuzi watakunywa, nguo zitafuliwa." Akakinyoosha kikombe. "Niongeze, mwanangu. Kisha ukalale, umechoka."